Siku Sheha Alipopigwa Pembe na Hewa

Mie sikatai, aibu ni yangu mwenyewe, na mkisikia watoto wa hapa Mtambile wananipigia ukelele wa "Yarabi nakufa, nitoeni!" kila nikipita na madaftari yangu kifuani, msiwakemee, wana haki yao, lakini kabla hamjaanza kucheka (naona Kombo tayari meno nje, na yeye ndiye chanzo cha yote) nisikilizeni tangu mwanzo, maana mkasa huu watu wanausimulia vibaya, wapo wanaosema nilimroga Sheha, na huko Konde wamefikishiwa kwamba ng'ombe mzima mzima aliingia darasani akavunja meza.

Hakuna ng'ombe aliyeingia darasani. Ng'ombe alikuwa wa ndani ya kompyuta, nimemchora kwa mkono wangu, na meza zote zipo.

Skuli yetu ina chumba kimoja cha kompyuta, na ndani yake kompyuta sita, zinazowaka nne, na katika hizo nne moja haiwaki mpaka uizabe kofi la ubavuni. Chumba kilijengwa na wanakijiji wenyewe kwa mawe na mchanga wao, ndiyo maana mwaka ule kamati ya shehia ilipoanza kukitolea macho hakuna aliyeweza kusema kitu: msimu wa karafuu ulikuwa unakaribia, mvua haina adabu siku hizi, na wao wakataka chumba kikavu cha kuwekea magunia. Mwenyekiti wa kamati ndiye Sheha wetu, mkubwa wa serikali hapa kijijini, Mzee Faki. Mwalimu Salha, anayetufundisha kompyuta, akawaendea kwa upole wake ule wa kumtoa nyoka pangoni, akawaambia njooni kwanza mwone watoto wanafanya nini humo ndani, halafu mwamue. Wakakubali: Jumamosi asubuhi, kamati yote, na wazee, na yeyote mwenye nafasi. Ikiwapendeza, chumba kinabaki chetu. Isipowapendeza, Jumatatu kompyuta zinapakiwa kwenye makasha na magunia yanaingia.

Mwalimu Salha akanigeukia. "Riziki, huo mchezo wako umefika wapi?"

"Umekwisha, Mwalimu," nikasema. (Haukuwa umekwisha, lakini mie mdomo wangu hutangulia, miguu ikafuata baadaye.)

Mchezo wenyewe ulikuwa ni mchezo wa ng'ombe, huu wetu wa Pemba. Kwa wasioujua: ng'ombe dume anafungwa kamba ndefu kiwanjani, mchezaji anamwendea na kitambaa, anampungia, ng'ombe anamjia mbio, mchezaji anakwepa, zumari linalia, wanawake wanaimba nyimbo za kumchoma mtu roho, na jioni ng'ombe anarudi kwao kula majani kama hakufanya lolote. Nami nikautia wote kwenye kompyuta. Mchezaji wangu amevaa kikoi. Akiguswa na pembe, kikoi kinamvuka, anabaki na chupi nyeupe yenye madoadoa mekundu (nilichukua siku mbili nzima kuyapanga yale madoadoa, hesabu sikuwahi kuzishughulikia hivyo), na hapo hapo anatoa ukelele.

Ukelele sasa. Kuna siku Mwalimu Mkuu alikuwa anajaribu kipaza sauti ofisini kwake peke yake, mjusi akamdondokea shingoni, na mie nilikuwa dirishani na simu ya dada yangu mkononi, inarekodi. Sikukusudia, ila pia sikuizima. Sauti ilikuwa nzuri mno, imejaa imani, nikaona itakuwa dhambi kuitupa.

Basi Jumamosi ikafika. Ukuta wa chumba umepigwa chokaa mpya kwa ajili ya wageni, mashine ya kuonesha picha ukutani tumeazima, madirisha tumeyaziba kwa kanga za mama zetu, nje kina mama wanachemsha chai kwa mkaa. Bado nusu saa. Ndipo akaingia Kombo, huyu huyu ninayekaa naye dawati moja, akatazama ukutani akashika kidevu kama fundi.

"Riziki, huyo ng'ombe au mbuzi wa akika?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani anamfika mtu kiunoni? Huyu Mzee Faki akimwona atauliza yuko wapi mamake."

Wallahi ningenyamaza leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nilipomtazama tena yule ng'ombe nikaona kweli, kambuzi, hata pembe zake kama vijiti vya kuchokolea meno. Nikasema kitu gani, namkuza mara tatu, sekunde moja.

Hapa inabidi niwaeleze kidogo, msisinzie. Kwenye kutengeneza michezo, kila kitu kina sehemu mbili: picha unayoiona, na mwili usiouona. Mwili ni umbo tupu tu, kwa ng'ombe wangu lilikuwa kisanduku, na kompyuta ikitaka kujua nani kamgusa nani haitazami picha kabisa, inatazama visanduku. Kwa kuwa havionekani, mtengenezaji huvichorea mistari ya kijani wakati wa kazi ili ajue vimekaa wapi, kisha huificha mistari wageni wakija. Mistari yangu niliiandikia maagizo mwenyewe, kwa ubishi, maana Mwalimu Salha aliniambia nitumie ile iliyokuja na programu nami nikasema yangu ni mizuri zaidi. (Ilikuwa mizuri. Rangi yake ilikuwa nzuri sana.)

Nikamkuza ng'ombe mara tatu. Picha ikawa dume la haja, lakini mistari ya kijani ikabaki midogo pale tumboni, kama ndama hajazaliwa. Nikasema alaa, mwili haukukua. Nikauvuta nao mara tatu, mistari ikapanuka ikakaa barabara kwenye ng'ombe, kuanzia pua hadi mkia, huwezi kupitisha hata unywele. Kombo akasema, "Sasa ng'ombe." Nje nikasikia "Karibuni, karibuni." Nikaificha mistari, sikujaribu kucheza hata mara moja, nikakaa nikijiona mkuu wa mashine zote duniani.

Wageni wakaingia wakajipanga kama kawaida yao, wa baraza ya juu upande huu, wa baraza ya chini upande ule, maana tangu vyama viwe vingi hapa kwetu hawa na wale hata kikohozi hawakohoi pamoja. Bibi yangu, Bi Time, akakaa katikati kabisa, yeye anasema ni mzee mno kuwa na upande. Mwalimu Mkuu akasoma risala ndefu. Kisha ikaja zamu yangu, nikasema mgeni wetu rasmi, Mzee Faki, atafungua mchezo kwa kucheza yeye mwenyewe.

Na hapa mjue kitu kimoja kuhusu Mzee Faki. Ujanani alikuwa mcheza ng'ombe, tena si wa kubahatisha, na hana hadithi nyingine ila hiyo. Kwenye harusi ataisema, kwenye hitima ataisema, ukienda kugongewa muhuri wa barua ya shehia utaisikia kwanza ndipo upate muhuri: "Pembe haijaijua nguo yangu." Yaani hajaguswa hata siku moja, na kijiji kizima kinajua, na hata wasiompenda kwa ajili ya cheo chake hilo hawamnyimi.

Akakaa kitini, akakunja mikono ya kanzu, nikamwonesha vitufe: hivi vya kutembea, hiki cha kupunga kitambaa. Ng'ombe yuko katikati ya ukuta, amesimama anapumua. Mchezaji yuko pembeni kabisa. Zumari likaanza. Mzee Faki akatembea hatua moja, mbili, tatu, taratibu, kitaalamu, na mara kikoi kikaruka, madoadoa yakaonekana, na spika zote mbili zikapiga yowe:

"Yarabi nakufa! Nitoeni! Mjusi!"

(Ile "mjusi" nilisahau kuikata.)

Watu wakapasuka kwa kicheko. Mzee Faki naye akatabasamu kidogo, akasema ni vitufe, bado hajavizoea. Nikarudisha mwanzo. Hatua moja, mbili, tatu. "Yarabi nakufa! Nitoeni! Mjusi!" Ng'ombe kule hajainua hata ukwato. Mara ya tatu, vilevile. Mara ya nne akajaribu kuja kwa chini, kikoi hicho. Mwalimu wa hesabu akashikwa na kikohozi akatoka nje, na Mwalimu Mkuu nikamwona ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikia jina lake linaitwa kutoka mbali.

Bi Time ndiye aliyeanza. Mchezo wa ng'ombe bila nyimbo haujawa mchezo, na bibi yangu enzi zake alikuwa mwimbishaji, basi akapiga kofi moja, akatoa:

"Faki hakuguswa, kaguswa na hewa!"

Na kina mama wa chai mlangoni, bila kufundishwa na mtu, wakapokea:

"Ng'ombe yuko kule, Faki keshapewa!"

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sijaliona tena: baraza ya juu na baraza ya chini wakacheka kitu kimoja, kwa wakati mmoja, wengine wameegemeana. Mie sikucheka. Nilikuwa nimemtazama Mzee Faki, na shingo yake ilikuwa imebadilika rangi, na nikakumbuka kwamba mkono uleule ulioshika kitufe ndio utakaoamua kama chumba ni cha kompyuta au cha magunia.

Akasimama. Wimbo ukakatika.

"Weye ntoto," akaniambia, "huyu ng'ombe kanigusa wapi?"

"Pembeni, babu."

"Pembe ipi? Mie kitambaa sijapunga. Ng'ombe asiyepungiwa haji, na huyu hakuja, nimemtazama miguu. Nimecheza ng'ombe kabla mamako hajazaliwa. N'oneshe pembe iliyonigusa."

Nami kwa akili zangu nyingi nikasema nina ushahidi. Nikaiwasha mistari ya kijani mbele za watu wote. Ikatokea, imemkaa ng'ombe kama kanzu ya Idi, na mchezaji yuko mbali nayo kama Wete na hapa.

"Umeona, babu," nikasema, "mwili wa ng'ombe unaishia hapa..."

"Na mie nimekufa wapi?"

"Kule."

"Basi mistari yako yasema uongo." Akageuka. "Kombo! Nletee kaa la mkaa pale kwenye chai. Lililozimika, mpumbavu weye, si hilo!"

Akakaa tena. Akamwambia Kombo asimame ukutani, na kila atakapodondoka yeye, Kombo atie doa pale pale. Mwalimu Mkuu akafungua mdomo aseme kitu kuhusu chokaa mpya, akaona uso wa Sheha, akaufunga. Basi Mzee Faki akaanza kumzunguka ng'ombe. Akamwendea kwa mbele, akafa, doa. Kwa nyuma, akafa, doa. Akapitia juu, chini, kona hii, kona ile, hatua kwa hatua, bila haraka, kama mtu anayepima kiwanja cha kujenga, na kila doa moja lina kikoi chake, madoadoa yake, na "Yarabi nakufa! Nitoeni! Mjusi!" lake, na hakuna hata mmoja aliyecheka sasa, wote wanatazama ukuta.

Kwenye kifo cha tisa akauliza bila kugeuka, "Kwani ng'ombe huyu anaitwa Mjusi?"

Na Mwalimu Mkuu akasema polepole, kutoka nyuma, "Riziki. Hiyo sauti ni ya nani?"

"Nimeitoa kwenye mtandao, Mwalimu."

"Mtandao gani una mjusi wangu?"

Nikasema kimoyomoyo hapa nimekwisha, lakini Sheha akainua mkono, hajamaliza, hesabu ya mjusi ingoje. Akafa mara mbili za mwisho, akamwambia Kombo unga madoa. Kombo akayaunga. Likatokea sanduku jeusi kubwa, limekula nusu ya ukuta, na katikati yake yule ng'ombe wangu na mistari yake mizuri ya kijani, kama punje ya karafuu ndani ya gunia.

"Huyu ndiye ng'ombe niliyecheza naye," akasema Mzee Faki.

Mwalimu Salha alikuwa ameshafika ubavuni kwangu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo baya zaidi kwake.

"Ulimkuza mara ngapi?"

"Tatu, Mwalimu."

"Na mwili ukauvuta?"

"Mara tatu."

"Na huo mwili umeufunga kwa nani?"

"Kwa ng'ombe."

"Mama akikua, mtoto aliyembeba hakui naye?"

Na kweli ndivyo ilivyo: mwili ulikuwa umebebwa na ng'ombe, nilipomkuza ng'ombe mara tatu mwili ulikua wenyewe mara tatu, kimya kimya, barabara kabisa, haukuhitaji msaada wangu. Mistari yangu ndiyo ambayo haikuambiwa. Nilikuwa nimeiagiza ichore kipimo cha mwili peke yake, bila kuuliza aliyeubeba amekuzwa kiasi gani. Nikaona mistari midogo, nikauvuta mwili mara tatu tena, ikawa tatu juu ya tatu, na ile mistari kwa uongo wake ikakaa sawa.

"Mbona mie sijafahamu," akasema mzee mmoja wa kamati.

"Jambo dogo," akasema Bi Time. "Mama katia chumvi, ntoto hajui, katia tena."

"Na hakuonja?" akauliza yule mzee.

"Kaonja, babu," nikasema, "ila mwonjaji ana mafua."

Wakacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa kimenigeukia mie, na haki yake. Mzee Faki akawageukia watu, amejinyoosha kimo kizima.

"Mmesikia? Pembe haikunigusa."

"Tumesikia," akajibu bibi yangu, ambaye Mungu ampe umri na ampunguzie ulimi. "Lakini tumeona kikoi chini mara kumi na moja."

Kombo bado ana mkaa wake mkononi, mie naona magunia yanaingia mlangoni moja moja. Mzee Faki akaligeukia lile sanduku jeusi.

"Kamati," akasema, "karafuu mwaka huu zitakaa uwani kwangu. Mvua ikinyesha tutazifunika. Chumba hiki hakiguswi, hakiguswi nasema, mpaka ntoto huyu amrudishe ng'ombe kwenye ukubwa wa ng'ombe, na Jumamosi ijayo mje nyie nyote, nyote, na weye Bi Time kiti cha mbele, mnione."

Hivyo ndivyo chumba kilivyopona, si kwa ustadi wangu, ni kwa hasira ya mtu aliyesingiziwa.

Wiki ile sikuilala vizuri. Mwili wa ng'ombe nikaurudisha kwenye kipimo chake cha kwanza, asilia, na maagizo ya mistari nikayaandika upya mbele ya Mwalimu Salha, safari hii ichore umbo lilelile ambalo kompyuta inalitumia kugonga, na ukubwa wote wa aliyelibeba ndani yake. Kisha nikamzunguka ng'ombe mzima kwa miguu, mbele, nyuma, kona zote, nikifa na kuandika, nikifa na kuandika, kama nilivyofundishwa na Sheha. Na hesabu ya mjusi nayo ilidaiwa. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, akanipa kipaza sauti, akawaita walimu wote wakae, akasema ukelele wake utoke na wangu uingie. Nikapiga wa kwanza, akatikisa kichwa: "Hapana. Mimi nililia kwa uchungu zaidi." Nilipiga mara saba, binti wa watu, ndipo akaridhika.

Jumamosi ya pili watu walikuwa wengi hata nje. Mzee Faki akakaa, akapunga, ng'ombe akaja, pembe ikapita kiunoni pake kwa nafasi ya kidole, akakwepa. Akapunga tena, akakwepa. Akacheza mpaka zumari likaisha na kikoi kiko mahali pake. Akanyanyuka, akamtazama bibi yangu. Bi Time akapiga kofi moja la heshima, akasema, "Haya, haijaijua nguo yako." Kisha Mwalimu Mkuu akaomba naye ajaribu, akakanyagwa hapo hapo alipopunga mara ya kwanza, na spika mbili zikatangaza kwa Mtambile nzima, kwa sauti yangu isiyo na shaka, "Yarabi nakufa, nitoeni!" Na watoto wote dirishani wakaidaka, na mpaka leo hawajaiweka chini.

Lile sanduku la mkaa bado liko ukutani. Mwalimu Mkuu alishanunua chokaa, Sheha akakataza, wageni wakija anawaleta mwenyewe, anawaonesha kona hadi kona, "Hewa ilinipigia hapa."

Mie nimeapa, si kwa utani: sitakuza kitu tena, hata chapati, kabla sijauliza nani kanitangulia kukikuza, na sitaamini mstari niliouchora mwenyewe mpaka niutembelee kwa miguu. Na Kombo akija tena nusu saa kabla ya wageni akaniambia ng'ombe wangu ni mbuzi, nitamwambia ndiyo, ni mbuzi, na leo tunacheza na mbuzi.